Kabla ya Kuomba Kompyuta Mpya

Kila muhula unapokaribia kwisha, sentensi moja husikika katika chumba cha kompyuta: "Hizi mashine zimechoka, tuombe mpya." Sisi mafrateri wa falsafa tunaoandikia tasnifu humo tunaielewa hasira hiyo. Mtu ana saa moja kati ya masomo na sala za jioni, na dakika kumi nzima zinaishia kutazama kiduara kinachozunguka. Hata hivyo, tunaona ombi hilo linaharakishwa mno. Kompyuta mpya italipiwa na sadaka za watu, wengi wao wakulima, na kabla ya kuwafikia hao tunapaswa kujua mashine iliyopo inafanya nini hasa.

Mara nyingi inafanya mengi ambayo hakuna aliyeiagiza. Programu nyingi zikishasakinishwa hujipangia kuwaka pamoja na kompyuta: ya mikutano, ya muziki, ya printa iliyokwisha kuondolewa, ya kutunza mafaili mtandaoni, na nyingine zinazokaa tu zikiangalia kama kuna toleo jipya. Hata Chrome huweza kuendelea kufanya kazi baada ya dirisha lake kufungwa. Kila moja huchukua kipande cha kumbukumbu. Kwenye mashine ya GB 4, Windows yenyewe imeshachukua sehemu kubwa. Kumbukumbu ikijaa, mfumo huanza kuhamishia mzigo kwenye diski, na diski ya zamani, ile inayozunguka, ni ya polepole mno kwa kazi hiyo. Hapo ndipo unapoandika sentensi na herufi zinatokea baadaye, moja moja.

Kuchunguza hakuhitaji fundi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager itafunguka. Katika sehemu ya Startup utaona orodha ya programu zinazojiwasha, na jinsi kila moja inavyochelewesha mashine kuwaka. Ile isiyohitajika, chagua Disable. Haifutwi, siku ukiihitaji utaifungua mwenyewe. Kinga ya virusi usiiguse, hasa katika chumba ambamo flashi moja hupita mikono mingi, na jina usilolijua uliza kwanza. Tunawasihi pia wenzetu waache kupakua programu zinazojinadi kuwa zinaharakisha kompyuta. Nyingi nazo hujiweka katika orodha hiyohiyo. Ni kumkaribisha mgeni mwingine mezani ili apunguze walaji.

Darasani tunautumia wembe wa Ockham kukata hoja zilizojazwa visivyohitajika. Inashangaza kidogo kwamba hakuna anayeuchukua hadi chumba cha pili.

Wapo watakaosema tunaahirisha tu. Windows 10 ilikoma kupata msaada wa kawaida wa Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazitimizi masharti ya Windows 11, likiwemo lile la TPM 2.0. Ni kweli, na kuzima programu za nyuma ya pazia hakuleti masasisho ya usalama. Lakini hata hapo mashine mpya si jibu pekee. Ipo mifumo ya Linux isiyolipiwa, nayo diski ya SSD au kumbukumbu ya kuongeza hugharimu kidogo kuliko kompyuta nzima. Tunachopinga ni kutupa kabla ya kupima.

Basi tunapendekeza hivi: Jumamosi moja, kwa ruhusa ya msimamizi wa chumba, mafrateri wawili wakae kwenye kila mashine. Waandike dakika inazochukua kuwaka, wazime yasiyo ya lazima, waiwashe upya na kuandika tena. Karatasi hiyo iambatanishwe na barua ya kwenda kwa wafadhili. Zile zitakazobaki nzito hata baada ya hapo ziombewe mbadala, nasi tutakuwa wa kwanza kutia sahihi.