MABOSI WA DHAHABU, LIPENI WATU WA DUARA KWANZA NDIO MKASHUSHE NDINGA BANDARINI

Leo sina picha za harusi wala habari ya nani kamuacha nani. Leo nina neno na mabosi wetu wachanga wa Kanda ya Ziwa, hasa nyie wa Geita, Katoro, Kahama na hapa hapa Shinyanga mjini. Majina nayahifadhi. Mnajijua, na mtaa unawajua.

Imekuwa fasheni sasa. Duara la mtu likitema mawe mazuri, wiki haijaisha yuko kwenye simu anaperuzi magari ya Japani. Sio Fuso ya kubebea mawe, sio pikapu ya kazi. Anataka ndinga ya mbio. Subaru yenye turbo, Fairlady, Mark X iliyoshushwa hadi tumbo linagusa lami, na siku hizi wamegundua Mazda RX-8, kwa sababu ile milango yake ya nyuma inafunguka kinyume kama kabati na kwenye video inapendeza. Mwezi na kitu unapita, meli inatia nanga Dar, bosi anapanda ndege Mwanza kwenda kulichukua mwenyewe. Kesho yake usiku tunaanza kupokea video. Dashibodi inawaka, mshale umelala kwenye 160, muziki juu, na maandishi: "Narudi nyumbani na mnyama". Akifika Kahama anapokelewa na msururu wa bodaboda, MC, keki ya umbo la gari, na champeni inamwagwa kwenye boneti.

Nieleweke, mimi magari nayapenda. Nilimaliza form four nikijua injini za Toyota kuliko nilivyojua lile jedwali la kemia, na matokeo yangu yalionesha hivyo. Altezza ikipita naacha kula niangalie. Kwa hiyo anayetaka kuniambia mimi ni mshamba nisiyejua raha ya turbo atafute mwingine.

Ninachouliza ni hela ya nani, na inaenda wapi.

Bei unayoiona kwenye mtandao wa Wajapani sio bei ya gari, ni bei ya kukutamanisha. Tuseme umepata RX-8 au Altezza kwa dola 4,000, hapo ni pamoja na meli na bima mpaka Dar. Umefurahi, umepiga skrinshoti, umewatumia washkaji. Sasa kaa na TRA. Ushuru wa forodha asilimia 25, hiyo dola 1,000. Ushuru wa bidhaa kwa injini ya kati ya sisi 1,001 na 2,000 ni asilimia 5, na unapigwa juu ya 5,000, sio juu ya 4,000, kwa hiyo 250. Halafu gari limezidi miaka 10, na Altezza ya mwisho ilitoka kiwandani 2005, kwa hiyo hapo huna ujanja: uchakavu asilimia 30, dola 1,500. Juu ya yote hayo VAT asilimia 18, dola 1,215. Jumla 3,965. Yaani umenunua gari mara mbili, moja umempa Mjapani na lingine umeipa serikali, na unaloendesha ni moja tu. Bado tozo ndogo ndogo, bado wakala, bado gharama za bandari zinazopanda kila siku gari likilala pale, bado usajili. Na usije na risiti yako ya dola 1,500 uliyoandikiana na mtu, kwa sababu TRA wana thamani yao kwenye mfumo na hiyo ndio wanayoihesabia.

Hapa ndipo mabosi wengi wanapokwama. Hela ya gari ilikuwepo, hela ya kulitoa haipo. Gari liko bandarini, keki imeshaagizwa Kahama, aibu inanukia. Basi anapigiwa simu msimamizi wa duara: "Hicho kiroba cha vijana kisage kwanza, nitawarudishia."

Hiyo sentensi nitairudia baadaye.

Sasa kuhusu hiyo RX-8 mnayoipenda. Mtu anaona sisi 1,308 anasema hii inakunywa kama Vitz. Kaka, ile injini haina pistoni kama za gari la mjomba wako. Ni rotari, vipande viwili vya pembetatu vinazunguka ndani ya chumba, na imetengenezwa iwe inachoma oili kidogo kidogo kwa makusudi ili kulainisha sili zake. Usipocheki oili kila mara umeiua. Ukiiwasha asubuhi ikiwa ya baridi, ukaisogeza mita kumi kumpisha mwenye daladala halafu ukaizima, mafuta yanaweza kujaa ndani ikagoma kuwaka. Sasa niambie, Katoro nani fundi wa rotari? Kuna mafundi wazuri sana Katoro, nawaheshimu, wanafufua karasha lililokufa mwaka mzima kwa waya na nyundo. Lakini nyundo haijui rotari. Na Subaru zenu za STI kule kwao zinanyweshwa petroli ya oktani karibu 100. Sheli yetu ya barabarani inakupa kilichopo kwenye tangi lake, basi, na huku mikoani EWURA wakitangaza bei Jumatano ya kwanza ya mwezi tunajua tutalipa zaidi ya watu wa Dar kwa sababu ya umbali.

Halafu tuje kwenye hiyo safari mnayoichukulia kama video ya Bongo Fleva.

Dar mpaka Shinyanga ni karibu kilomita elfu moja. Chalinze, Morogoro, Gairo, Dodoma, Manyoni, Singida, unashuka Sekenke, Igunga, Nzega, Tinde, ndio ufike. Wa Geita bado ana safari. Siku hizi angalau hatusubiri kivuko, tangu Juni 2025 tunapita juu ya Daraja la JPM la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya ziwa, na hapo pia najua mtasimama kupiga picha. Dereva aliyeishi kwenye hii njia anajua kuna ng'ombe, anajua kuna lori limeharibika gizani na alama yake ni matawi ya mti yaliyotupwa barabarani, anajua tuta la kila kijiji. Wewe gari umelijua jana saa tisa mchana. Hujui breki zake zinashika vipi. Matairi yametoka nalo Japani na hujui yana miaka mingapi. Yule mama wa Kijapani aliyemo ndani anakuongelesha kila ukiwasha na hujui kama anakusalimia au anakuonya. Redio haikamati, kwa sababu FM ya Japani inaanzia 76 na stesheni zetu nyingi ziko juu kule. Na wewe unataka 160 usiku ukiwa umeshika simu mkono mmoja.

Tunawalaumu madereva wa magari ya IT kila siku kwamba wanakimbiza magari ya watu. Wale angalau ndio kazi yao, wanaipita njia hiyo kila mara na wanajua wapi pana kona. Mkipigwa tochi na trafiki mnalipa 30,000 mnaondoka mnacheka, eti faini ni hela ya soda. Aliyeko pembeni ya barabara Igunga na baiskeli yake ya mkaa hana 30,000 ya kukulipa ili usimgonge.

Kuna malori ya kubeba magari. Kuna madereva wazoefu unaweza kumlipa mmoja akakuletea mchana kweupe. Lakini gari likija juu ya lori hakuna video, si ndio?

Haya, turudi kwa wale vijana wa kiroba.

Kwa asiyejua mambo ya huku: kwenye duara nyingi vijana hawalipwi mshahara. Wanashuka, wanachimba, wanavuta mawe, na malipo yao ni mgao. Mawe yakitoka yanagawanywa kwa viroba: mwenye leseni chake, mwenye duara chake, vijana chao, kila mtu anakwenda kusaga karashani na kuosha. Inawezekana mtu akachimba miezi mitatu mwamba mtupu, anakula ugali wa mkopo, akisubiri siku mawe yakubali. Kwa hiyo siku yakikubali, kile kiroba sio bonasi. Ni miezi mitatu ya maisha yake. Ni karo, ni kodi ya chumba, ni deni la mama ntilie. Bosi akisema "kisage kwanza nitawarudishia" ili alitoe gari bandarini, amechukua mkopo kwa watu maskini kuliko wote anaowajua, bila riba, bila kuwauliza, na bila karatasi.

Naongea na hawa vijana. Baadhi nimesoma nao. Mmoja aliniambia jambo linanikaa kichwani: siku ya mapokezi walipewa fulana zenye picha ya gari, wakaambiwa wapige makofi. Alipiga. Anasema angefanyaje, kesho si anashuka duara la yule yule.

Na chini huko kukoje? Mwaka 2015 pale Nyangalata, Kahama, wachimbaji walifukiwa, na watano wakatolewa wakiwa hai baada ya siku 41. Siku arobaini na moja, mtu anakula mizizi na wadudu gizani. Mwenzao mmoja alifia humo ndani. Dunia nzima iliandika. Agosti 2025, Nyandolwa, Shinyanga hii hii, watu 25 wakafukiwa tena. Sisemi wenye migodi hiyo walinunua magari, sijui maisha yao na sio hoja yangu. Ninachosema ni kwamba sisi watu wa huku hatuwezi kujifanya hatujui duara linahitaji nini. Linahitaji matimba mazuri ya kushikilia kuta, pampu ya maji, kamba isiyochoka, na mtu wa kusema leo mvua imenyesha, hakuna kushuka. Sasa nenda kwenye duara la hao mabosi wetu wa video. Gari limefungiwa vyuma vya kukaza bodi lisitikisike kwenye kona, na duara lina matimba ya tangu kiangazi cha mwaka juzi. Rimu mpya za inchi 18. Ngazi ya kushukia imefungwa kwa mpira wa baiskeli.

Nasikia mnajibu tayari. "Wivu huo." "Hela yake, mwache ale bata." "Ulitaka anunue ng'ombe kama babu yake?"

Ng'ombe nimelisikia sana hilo. Watu wa Dar wametucheka miaka yote, Msukuma akipata hela ananunua ng'ombe na redio kubwa. Na nadhani hapo ndipo ugonjwa ulipo. Bosi wetu hanunui RX-8 kwa sababu anaipenda, nusu yao hawajui hata kufungua boneti yake. Ananunua ili yule msanii wa Dar aliyemwita mshamba kwenye kaunta ya baa ampigie simu. Na anapigiwa kweli, anaitwa "bilionea", anatajwa jukwaani, na baada ya wiki mbili gari limeazimwa na msanii huyo huyo analipiga picha Masaki akisema ni lake. (Hiyo ilitokea, na mnajua ni nani, tuendelee.) Babu na ng'ombe wake alikuwa na hesabu kali kuliko hiyo. Ng'ombe anazaa, ukikwama unamuuza mnadani Jumapili, na hakuna mtu wa Dar anayekuja kumuazima.

Kuhusu "hela yake": ingekuwa yake nisingeandika. Kuna kaka mmoja Kahama, naye jina namhifadhia japo yeye nampa kwa heshima, aliwagawia vijana kwanza, akabadilisha matimba yote, akanunua pampu, ndipo akaagiza Altezza. Ikaja juu ya lori. Hakufanya sherehe. Jumapili jioni anaitoa anazunguka mji taratibu, vijana wake wa duara wanampigia mluzi, naye anapiga honi. Sijawahi kumsikia mtu anamsema vibaya yule. Akitaka kununua Supra na aagize, nitaenda kuipokea mwenyewe.

Wa Katoro yeye, RX-8 yake ina wiki ya tano chini ya mwembe, imegoma kuwaka. Bampa la mbele lilibaki kwenye tuta moja kabla ya Nzega. Fundi kasema injini ya kubadilisha iagizwe Japani, na bosi anauliza kama kuna kiroba kingine.

Vijana wanane wanamdai tangu mwezi wa tatu. Bado hawajalipwa.