Hakuna gitaa la kujifunzia

Mdogo wangu aliyeko kidato cha pili ameniomba gitaa langu jekundu. Limekaa juu ya kabati tangu nilipomaliza chuo, linakula vumbi tu. Nikaona hapa nimepata wema usio na gharama. Si ni la kujifunzia? Akishajua kupiga, tutamtafutia la maana.

Ndugu zangu, nimebadili mawazo. Hayo maneno "la kujifunzia" yanakatisha watu tamaa, nami ni mmojawapo.

Gitaa lenyewe nililinunua Kariakoo kwa pesa ya bumu nikiwa mwaka wa pili. Nililichagua kwa macho kwa sababu linang'aa. Muuzaji akanipigia yeye, nikafurahi, nikalipa. Wiki mbili nilikula mlo mmoja kwa siku. Mwezi na nusu baadaye vidole vilikuwa vimechubuka na hakuna wimbo uliotoka. Nikahitimisha kwamba sikujaliwa kipaji.

Kabla ya kulipakia kwenye basi nikampelekea mzee mmoja jirani, mpigaji wa zamani wa bendi, anibadilishie nyuzi. Baada ya shikamoo na marahaba, akapanga sarafu tatu moja juu ya nyingine kwenye freti ya 12. Zikapita chini ya nyuzi bila kugusa.

"Mwanangu, kwa hili hata mimi nisingejifunza."

Akanieleza. Kwenye gitaa kavu zuri, nafasi hiyo ni kama milimita 2 hadi 3 tu. Nyuzi za chuma zinavuta kwa nguvu ya takribani kilo 70, usiku na mchana. Mbao ikiwa dhaifu, ukiongeza na unyevu wa pwani yetu, shingo inapinda na nyuzi zinanyanyuka. Hapo unabonyeza kwa nguvu, vidole vinaumia, na sauti nayo inapanda kuliko inavyotakiwa. Kuna jaribio rahisi: gusa uzi kidogo juu ya freti ya 12 upige, halafu ubonyeze hapohapo upige tena. Sauti mbili zilingane. Za kwangu hazikulingana hata kwenye uzi mmoja. Kumbe miaka yote hiyo nilikuwa najilaumu kwa kosa la mbao!

Jumamosi tukaenda dukani pamoja. Nikamgeuzia mgongo, akapiga wimbo uleule kwenye magitaa matatu. Lililonigusa, nilipogeuka, lilikuwa lile ambalo nisingelitazama mara mbili: halina urembo, na bei yake ni ya katikati. Mzee akanionyesha ukingo wa tundu. Mistari ya mbao inaendelea kutoka juu hadi chini, yaani uso wake ni mbao halisi. Mengine mawili yalionyesha matabaka ya plaiwudi. Sauti ya gitaa kavu inatokana zaidi na huo uso kutetemeka, na plaiwudi ni ngumu kutetemeka.

Najua mtaniambia ufundi uko kwenye vidole. Mtanitajia Jean-Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 kule Jadotville, mji unaoitwa Likasi leo, na gitaa moja likasikika kama mawili. Sibishi. Lakini Mwenda alikuwa na vidole tayari. Fundi akipewa gitaa bovu anajua kwamba ni bovu. Anayeanza hajui, anadhani ubovu ni wake. Kwa hiyo anayehitaji gitaa zuri kuliko wote ni yeye, na sisi ndiye tunayempa bovu kuliko yote.

Sisemi uuze shamba. Nenda na mtu anayejua kupiga, funga macho, pima kwa sarafu. Na kama tayari unalo linalokuumiza, mpelekee fundi kabla hujakata tamaa. Mara nyingi kukaza kile chuma cha ndani ya shingo, au kusaga kidogo kipande cheupe kinachobeba nyuzi, kunatosha.

Lile jekundu nimemwachia mzee, anasema atajaribu kuliokoa. Pesa niliyoweka kwa ajili ya kodi ya nyumba imepungua, na mwenye nyumba nitajua la kumwambia. Jipya linapanda basi kesho alfajiri. Dogo akishindwa, angalau ashindwe yeye, si mbao.