Mashine Inapoikataa Sura ya Mtu

Mashine ikimkataa mtu, mtu ndiye anayelaumiwa. Hiyo ndiyo desturi iliyoota mizizi tangu shughuli nyingi za fedha, za ajira na za huduma zihamie kwenye simu za mkononi. Mwananchi anayetaka kufungua akaunti, au kuirudisha akaunti yake iliyofungwa, huamriwa ashike simu mbele ya uso wake, afumbe na kufumbua macho, ageuke kulia na kushoto, kisha asubiri. Baada ya sekunde chache huletewa jibu kwamba sura yake haikutambuliwa, ajaribu tena. Akishindwa mara tatu, mlango hufungwa. Haelezwi sababu, wala haelekezwi kwa mtu wa kumwuliza, naye huondoka kana kwamba yeye si yeye.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba kukataliwa huko aghalabu ni kosa la kipimo, si la mpimwaji, na kwamba chanzo chake chaweza kutafutwa kwa fizikia na hisabati ile ile inayofundishwa katika shule zetu za sekondari. Walimu wanaotafuta mifano ya masomo yao hawana haja ya kwenda mbali.

Yafaa kwanza tufahamu mashine hufanya nini. Haiutazami uso kama mama amtazamavyo mwanawe. Kwanza hutafuta ndani ya picha mahali palipo na uso. Njia iliyopata sifa kubwa kwa kazi hiyo ilitolewa mwaka 2001 na Paul Viola na Michael Jones, nayo ilitegemea tofauti za mwanga tu: eneo la macho huwa na giza kuliko mashavu yaliyo chini yake, na mgongo wa pua hung'aa kuliko macho yaliyo kando yake. Mitambo ya leo ina mbinu zenye nguvu zaidi, lakini chakula chake ni kile kile, yaani tofauti za mwanga. Uso ukishapatikana hunyooshwa, kisha hugeuzwa kuwa safu ya namba. Katika mfumo uliotangazwa na watafiti wa Google mwaka 2015, namba hizo zilikuwa 128. Picha iliyopigwa siku ya kuandikishwa kitambulisho nayo hugeuzwa vivyo hivyo. Ndipo mashine hupima umbali kati ya safu hizo mbili, kama mwanafunzi apimavyo umbali kati ya nukta mbili kwenye karatasi ya grafu, ila hapa mihimili ni 128 badala ya miwili. Umbali ukiwa mdogo kuliko kizingiti kilichowekwa, mashine husema huyu ni yule yule, ukizidi, hukataa.

Neno hilo kizingiti tulishike vizuri. Hakuna sheria ya maumbile inayokipanga. Hupangwa na mtu aliyeketi ofisini. Akikibana, matapeli hupungua, lakini wenye akaunti zao hukataliwa kwa wingi. Akikilegeza, wenye akaunti hupita kwa urahisi, na ndugu wa kufanana nao hupita pia. Kwa hiyo mashine inaposema "hapana", nyuma ya neno hilo pana uamuzi wa binadamu kuhusu nani aumie zaidi.

Sasa tuje Mabatini, jijini Mwanza. Tumchukue mama mmoja ambaye huamka alfajiri kwenda kununua dagaa Mwaloni, Kirumba, na ambaye adhuhuri, akiwa amerejea nyumbani, anataka kuifungua akaunti yake kwa simu. Ameketi sebuleni ili apate kivuli, na mlango uko wazi nyuma yake. Nje jua la utosi, lenye mwangaza wa takriban luksi 100,000, linapiga mabati ya jirani na kurudi kama kwenye kioo. Ndani, penye dirisha moja dogo, mwangaza unaweza kuwa luksi 100 au pungufu. Tofauti ni mara elfu moja. Jicho la binadamu huivumilia tofauti hiyo kwa kiasi kikubwa. Kamera ndogo ya simu hulemewa. Kamera hukadiria mwangaza wa picha nzima, huona mlango unaong'aa, nayo hupunguza mwanga inaoupokea. Mlango unatoka vizuri sana. Uso wa mama unatoka kama kivuli.

Hapa ndipo hesabu inapoingia. Katika picha ya kawaida ya tarakimu, kila rangi ya kila nukta hupewa ngazi moja kati ya 256, kuanzia 0 ambayo ni giza hadi 255. Uso uliopigwa vyema unaweza kuenea juu ya ngazi mia na zaidi. Uso wa mama wetu umebanwa, tuseme, kati ya ngazi ya 5 na ya 25. Mashine inatakiwa ieleze umbo la pua, midomo na mashavu yake kwa ngazi ishirini tu! Tena ngozi nyeusi hurudisha mwanga kidogo kuliko ngozi nyeupe, na hivyo katika mwanga hafifu yeye huumia kabla ya mwingine. Lakini tatizo si weusi wake. Mwanga ukitosha, na kamera ikipimwa kwa uso badala ya mlango, ngazi zote hurudi.

Wazee wenzangu watakumbuka picha za zamani za shule ambamo walimu wa Kizungu walionekana hadi makunyanzi, na wanafunzi wakaonekana meno na mashati. Maabara za kusafisha filamu kwa miaka mingi zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Filamu imekwisha kazi yake, lakini mazoea ya kumpima kila mtu kwa ngozi ya mmoja hayakwisha nayo.

Umbali nao una yake. Watu wengi, wakikataliwa mara ya kwanza, huisogeza simu karibu zaidi, wakidhani mashine haioni vizuri. Kutoka ncha ya pua hadi masikioni ni takriban sentimeta 12. Simu ikiwa sentimeta 20 kutoka puani, masikio yako sentimeta 32 kutoka kwenye lenzi, na hivyo pua huonekana imekuzwa mara 1.6 kuliko sehemu zilizo sambamba na masikio. Simu ikiwekwa sentimeta 50, uwiano huo hushuka hadi 1.24, na kama picha ya kitambulisho ilipigwa kutoka mita moja, ulikuwa 1.12. Mwenye kuisogeza simu karibu anajibadili umbo mwenyewe, nayo mashine inamlinganisha na mtu mwenye pua ndogo. Hili ni somo la pembetatu zinazofanana, na sijui mfano ulio bora kuliko huu wa kumwamsha mwanafunzi aliyesinzia.

Basi mtu aliyekataliwa afanye nini? Aifute lenzi kwa kitambaa safi, maana simu iliyoshikwa kwa mikono yenye mafuta ya samaki huona ukungu. Ageuke, mlango uwe mbele yake badala ya nyuma, akae kivulini karibu nao, kwani jua la moja kwa moja huchimba vivuli chini ya nyusi na pua. Afute jasho; paji la uso linalong'aa hurudisha mwanga kama kioo, na doa hilo jeupe halina habari yoyote ndani yake. Anyooshe mkono, simu iwe sawa na macho. Avue miwani na kofia. Mwenye ushungi ahakikishe tu kwamba hauifuniki nyusi, mashavu wala kidevu. Asiende haraka pale anapoambiwa ageuke au afumbe macho, kwa kuwa sehemu hiyo si ya kulinganisha sura bali ya kuhakikisha kwamba mbele ya kamera yumo mtu hai, si picha ya karatasi, na mtandao ukiwa dhaifu mwendo hukatikakatika. Akishindwa bado, ajaribu kwa simu yenye kamera bora. Na kama kitambulisho chake kilipigwa picha zamani, kabla ya ugonjwa, uzee au ajali kuubadili uso wake, dawa haipo kwenye simu. Anahitaji picha mpya katika kumbukumbu.

Asichopaswa kufanya ni kumpa kishoka simu yake "amsaidie". Neno la siri likivuja hubadilishwa, sura haibadilishwi.

Kuna watakaosema kwamba haya ni matatizo madogo yatakayokwisha simu zikiboreka. Mimi sikubali, na ushahidi wangu wa kwanza ni alama za vidole. Tarehe 1 Mei 2019 ulianza usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, zikilinganishwa na kumbukumbu za Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa. Mwisho uliowekwa wa Desemba mwaka huo ukasogezwa hadi tarehe 20 Januari 2020, kisha laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Mtu anayegonga kokoto kwenye vilima vya Mwanza, anayevuta nyavu au anayechanganya saruji, ngozi ya vidole vyake husagika. Kipimo kilichobuniwa kwa mkono wa karani humshinda mvuja jasho.

Ushahidi wa pili ni wa sura yenyewe. Desemba 2019 Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani ilitoa ripoti ya kupima programu 189 za kutambua sura, kwa picha zaidi ya milioni 18. Ilionekana kwamba katika programu nyingi kosa la kumdhania mtu kuwa mwingine lilikuwa kubwa mara 10 hadi 100 kwa baadhi ya watu kuliko wengine, na watu wa Afrika ya Mashariki walikuwa miongoni mwa walioathirika zaidi. Ama kosa la kumkataa mwenyewe, tofauti ilikuwa ndogo pale picha zilipokuwa nzuri. Lakini katika picha duni za mipakani waliozaliwa Afrika na visiwa vya Karibi walikataliwa zaidi, hasa wazee. Jambo moja katika ripoti hiyo lingepaswa kusomwa katika kila chuo chetu: baadhi ya programu zilizotengenezwa Uchina hazikuwa na udhaifu huo kwa nyuso za watu wa Asia ya Mashariki. Mashine hujua vizuri nyuso ilizofundishwa. Hakuna atakayetufundishia mashine nyuso zetu kwa hisani.

Na hapa niwaombe walimu wa hisabati wasimame kidogo. Chukulia kwamba mashine humkataa kimakosa mtu 1 katika kila 10 kwa jaribio moja. Mwanafunzi mwepesi atazidisha 1/10 mara tatu, apate 1/1000, aseme majaribio matatu yanatosha. Hesabu ni sahihi, ila haihusu jambo hili. Kanuni ya kuzidisha hudai matukio yasiyotegemeana. Mama wa Mabatini anajaribu mara tatu kwa simu ile ile, katika chumba kile kile, dhidi ya picha ile ile ya zamani. Katika watu 1000, huenda 900 hawakataliwi kamwe na 100 wanakataliwa kila mara. Wastani ni ule ule wa mmoja katika kumi, lakini baada ya majaribio matatu waliobaki nje si mtu mmoja, ni 100. Meneja anayesoma wastani ofisini hawaoni watu hao.

Nakubali kwamba matapeli wapo. Nchi ambayo kila mwenye simu amewahi kupokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" haiwezi kuacha ulinzi. Lakini mlinzi anayemzuia mwenye nyumba hajailinda nyumba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazungumzia pia haki za mtu kuhusu maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake. Kwa hiyo nisemalo si fadhila. Kila taasisi inayotumia utambuzi wa sura iwe na mtu wa kumhudumia aliyekataliwa, tena aliye karibu, si namba ya simu ya Dar es Salaam isiyopokelewa. Itaje sababu: mwanga haukutosha, picha ya zamani haifanani, mtandao umekatika, mashine mara nyingi huijua sababu hiyo, nayo hufichwa. Na kabla ya kununuliwa, mfumo upimwe Mwaloni saa sita mchana, kwa nyuso za wavuvi na wachuuzi, badala ya kupimwa katika chumba chenye kiyoyozi na taa za dari.

Shule hazina haja ya kusubiri. Simu moja ya mwalimu yatosha. Wanafunzi kumi walioridhia wapigwe picha katika mahali patatu: mlango ukiwa nyuma, mlango ukiwa mbele, na chini ya mti, kisha kwa sentimeta 20, 50 na 100. Wapime kwa rula upana wa pua na upana wa uso, wachore grafu ya uwiano dhidi ya umbali, walinganishe na hesabu ya pembetatu. Picha zibaki ndani ya simu hiyo, zisitumwe popote, na zifutwe mbele ya wanafunzi wenyewe somo linapokwisha.