AFYA KATIKA JAMAA: Munganga Anauliza, Mzazi Anajibu

Mwezi huu tuzungumze juu ya ugonjwa mmoja wa ubongo usioonekana mara nyingi, na namna wanganga wanavyoutambua.

Mtoto anakaa mbele ya bukari na sombe. Mara kichwa kinaanguka mbele, kinainuka, kinaanguka tena, kama mzee anayesinzia katika ibada. Lakini hana usingizi. Ukimwita hajibu vizuri. Kisha anaendelea kula. Miezi inapita, kifafa kinaanza, masomo yanamshinda, hakui kama wenzake. Majirani wanasema: “Huyu mutoto balimuloga.” Wengine wanasema yeye mwenyewe ndiye mchawi.

Hapana, ndugu. Ni ugonjwa unaoharibu ubongo pole pole. Huko Mahenge, Tanzania, munganga Louise Jilek-Aall, mama kutoka Norwe, aliona watoto wa namna hii katika miaka ya 1960. Baadaye ulijulikana sana Sudan Kusini na kaskazini ya Uganda, upande wa Kitgum na Pader. Katika inchi yetu, wanganga wamekuta kifafa kingi katika vijiji vya Ituri na Bas-Uele vilivyo karibu na mito ya maji makali, na kati ya wagonjwa wamo wanaoinamisha kichwa hivi.

Utasema: “Pasta, kule ni mbali.” Ni kweli. Lakini miji yetu ya migodi imepokea jamaa kutoka pande zote. Na desturi ya kumsingizia mtoto mgonjwa haiko mbali hata kidogo.

Hakuna kipimo kimoja

Tumezoea kutoa damu na kungoja jibu. Kwa malaria inafaa. Kwa ugonjwa huu, hakuna kipimo cha damu kinachotaja jina lake. Mwaka 2012 wataalamu walikutana Kampala, wakapatana hatua tatu.

Ya kwanza ni kushuku: jamaa inasema mtoto aliyekuwa mzima ameanza kuinamisha kichwa.

Ya pili ni kukaribia hakika: mambo yalianza kati ya miaka 3 na 18, na kichwa kinaanguka mara 5 mpaka 20 kwa dakika moja. Tena iwepo alama nyingine, kwa mfano akili inapungua, kukua kunasimama, kuna wagonjwa wengine mahali pale pale, au kichwa kinaanza kuanguka mbele ya chakula au wakati wa baridi.

Ya tatu ni kuhakikisha: mtu wa afya aliyefundishwa anajionea kwa macho, au anaona video, au mashini ya kupima umeme wa ubongo inaonyesha.

Munganga anatafuta pia magonjwa mengine yanayofanana. Anaweza kupima maji ya mgongo, au kuomba picha ya kichwa, na picha hiyo inaweza kuonyesha ubongo umesinyaa. Anaweza kupima ngozi kutafuta vijidudu vya upofu wa mito, vinavyoletwa na kilulu cheusi kinachozaana katika maji ya nguvu, kwa maana ugonjwa huu unafuatana sana na vijidudu hivyo. Mwaka 2018 wataalamu walitangaza kwamba walichunguza ubongo wa wagonjwa 5 wa Uganda waliokufa, wakakuta uchafu wa protini unaofanana na ule wa magonjwa fulani ya wazee. Basi kitu kiko ndani ya ubongo wenyewe, si mkononi mwa nyanya wa jirani.

Wewe ndiwe shahidi

Angalia vizuri: hatua ya kwanza na kubwa ya ile ya pili zinatoka kinywani mwa jamaa. Katika Marko sura ya 9, Yesu mwenyewe alimuuliza baba wa kijana aliyeanguka-anguka: jambo hili lilianza lini? Baba alijua kujibu. Je, wewe utajua?

Kwa hiyo:

– Andika katika kaye tarehe, saa, na kile mtoto alichokuwa akifanya.
– Angalia saa, hesabu kichwa kimeanguka mara ngapi kwa dakika moja.
– Mwenye telefone ya kamera apige video.
– Taja vijiji mlivyokaa na dawa zote mlizompa, hata za kienyeji. Usifiche kwa haya.
– Usimwache peke yake karibu na babula wala mtoni.

Dawa ya kurudisha ubongo ulioharibika haijapatikana. Lakini dawa za kifafa zinapunguza mashambulio, na huko Uganda watoto wengine walirudi masomoni. Tena, tangu 2012, walipoongeza dawa ya vijidudu na kupigana na vile vilulu, wagonjwa wapya walipungua sana. Ombeni, lakini msikatize dawa kwa sababu mmeombewa. Na anayemfunga mtoto au kumnyima chakula ili “mapepo yatoke” anamuua.

Mjue pia kwamba Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 41, na sheria ya Januari 2009 ya kulinda watoto zinakataza kumsingizia mtoto uchawi. Ni kosa la kufungwa.

Ninyi vijana, msimcheke mwenzenu. Kifafa hakiambukizwi kwa mate. Akianguka, mlaze ubavu, msimtie kitu kinywani, mwite mkubwa.

Na mtu akikuletea maneno ya “balimuloga”, muulize kwanza: ilianza lini, na munganga amesema nini? Tuonane mwezi ujao.