Kiporo cha Daku

Katika mwezi wa Ramadhani nyumba nyingi za Shinyanga na Geita hupika wali wa futari, na unaobaki huachwa sufuriani hata daku. Kwa kuwa haunuki wala haukubadilika rangi, husemwa, "Mzima huu, tuupashe moto tule." Neno hilo yatupasa tulipime.

Wataalamu wa chakula hawahukumu kwa pua. Watakapo kujua kama nyama ina bakteria wa salmonela, huchukua gramu 25, wakazitia katika maji yenye lishe, wakaziweka usiku kucha penye joto la digrii 37, ili bakteria waliojificha waongezeke, wapate kutambulikana. Kuwatambua hakutoshi. Mwongozo wa Codex wa mwaka 1999, uliotolewa chini ya FAO na WHO, wafundisha kuuliza mambo manne: Ni bakteria gani? Hudhuru wakifika kiasi gani? Mlaji humeza wangapi? Basi hatari yenyewe ni kubwa kiasi gani, na kwa nani?

Swali la tatu ndilo liingialo jikoni mwetu. Wako bakteria ambao, wapatapo uvuguvugu na unyevu, hugawanyika kila dakika 20. Mmoja huwa 8 kwa muda wa saa 1. Kwa muda wa saa 7 hupita milioni 2. Na tangu futari ya saa 1 jioni hata daku ya saa 10 usiku ni muda wa saa 9.

Wali una bakteria wake, aitwaye Bacillus cereus. Mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa na uvuguvugu, huamka, na baadhi yao hutoa sumu ya kutapisha isiyoondoka kwa kupashwa moto. Bakteria hufa, sumu ikabaki.

Hayo yawahusu pia mama lishe wapelekao chakula kwa wachimbaji wa Nyarugusu. Kilichopikwa alfajiri kikaliwa alasiri, na kikae cha moto kabisa, zaidi ya digrii 60, si vuguvugu.

Enyi akina mama, nanyi vijana mnaojipikia, pikeni kadiri ya walaji. Kinachobaki kitandazwe katika sinia kipoe upesi, kiingie jokofuni kabla ya muda wa saa 2 kupita. Asiye na jokofu na abakize mchele, si wali, aupike wakati wa daku. Watoto wadogo, wazee na waja wazito ndio wadhurikao zaidi. Tumefundishwa kula kilicho halali na kizuri. Tusiulize moja tukaliacha la pili.