Ramani Iliyomo Kichwani

Mkuu wa duka na mkuu wa safari wafanana katika jambo moja: kila mmoja huchukua kichwani ramani ya mambo, na kwa ramani hiyo huamua. Ramani ikiwa na kosa, akili nyingi haimwokoi. Humfikisha upesi zaidi asikotaka.

Ushahidi tunao hapa hapa Uvira. Mwezi Aprili 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika kwa mitumbwi kutoka Ujiji. Walitumaini kwamba mto Ruzizi hutoka katika ziwa Tanganyika kwenda kaskazini, nao ndio mwanzo wa Nili. Wana wa mtawala wa Uvira wakawaambia waziwazi: Ruzizi huingia ziwani. Kujionea hawakuweza, maana wapiga makasia walikataa kuendelea mbele. Burton aliandika habari hiyo kitabuni. Lakini mwaka 1864, alipokuwa akishindana na Speke juu ya Nili, aliugeuza mto katika hoja zake, ukatoka ziwani! Maji hayakubadilika, iliyobadilika ni haja ya msemaji. Wakuu wangapi hufanya vivyo hivyo? Neno la mwenyeji hupokewa likipatana na ramani, hutupwa lisipopatana.

Novemba 1871 Livingstone na Stanley walikwenda, wakatazama. Mto waingia. Hata hivyo Livingstone aliendelea kutumaini kwamba Lualaba ndio Nili, akafa mwaka 1873 katika utafutaji huo. Stanley aliufuata hadi bahari ya Atlantiki, 1877: kumbe ni Kongo.

Sasa tumtazame mchuuzi wa dagaa. Ajua kwamba mbalamwezi ikiwaka taa za wavuvi hazivuti dagaa vizuri, samaki hupungua, bei hupanda. Kanuni hiyo ni njema, nayo imelisha nyumba nyingi. Basi huweka akiba ya magunia ya dagaa wakavu. Lakini ramani yake ina ziwa na mwezi tu. Barabara ya Bukavu haimo. Mvua ikiikata, wanunuzi hawashuki, magunia yalundikana, na bei yaanguka mbalamwezi ikiwaka. Kijana wake anayepakia magari alizijua habari za barabara tangu alfajiri. Je, aliulizwa?

Daftari analo. Aandike humo, kabla fedha haijatoka, habari ipi ikija atauza mara moja. Mstari mmoja watosha, na kijana yule ausome pia.