Sifuri si sawa na «hatukufika»

Ndugu wasikilizaji wa Kilwa, na ninyi jamaa mliohama vita, leo tuongee juu ya majedwali ya hesabu ya watu.

Nchi yetu haijahesabu raia wote tangu 1984. Ndiyo sababu msaada unafuata majedwali ya mashirika: kijiji gani, jamaa ngapi, watoto wangapi. Siku hizi kompyuta inayapanga. Mtu anaandika amri mara moja, na kila mwezi jedwali linatoka lenyewe, mistari imenyooka. Ni jambo jema, maana anayenakili kwa mkono akichoka anaruka mstari.

Lakini kompyuta nayo inaruka. Programu ya bure iitwayo R inaandika NA mahali habari inapokosekana. Amri yake ya kawaida ya kuhesabu, table, inaziacha NA hizo nje isipoambiwa izioneshe. Na mtu akiweka sifuri mahali pake ili jedwali lipendeze, kijiji ambacho wahesabu walizuiwa na barabara mbovu kitasomwa Lubumbashi kama kijiji kisicho na mhamaji hata mmoja.

Maoni yangu ni haya: amri iandikwe ili kila kijiji cha Pweto kibaki katika jedwali, na pasipofikiwa paandikwe «hatukufika». Kisha, kabla ya kutumwa, jedwali lisomwe kwa sauti mbele ya mashefu na wahamaji. Wao ndio wanajua kijiji gani kimesahauliwa.

Mbele ya sifuri, hakuna anayepakia unga. Mbele ya «hatukufika», lazima mtu arudi.